Mtaliano, Kona na Benchi la Nyuma

Niseme mapema ili mtu asinisumbue baadaye: sijutii. Wapo wanaonikuta sokoni Matiliku wakaniuliza kwa sauti ya huruma kama nimeshaachana na mambo ya magari, na mimi huwajibu kwamba bado, na kwamba kama wana nguvu za kuniombea, basi waniombee tairi nzuri. Habari ya mimi na kanisa letu imesimuliwa na watu wengi ambao hawakuwepo, kila mmoja akitia chumvi yake. Leo naisimulia mwenyewe.

Inaanza na Mtaliano. Alikuwa na shamba la maembe upande wa Kalamba, mzee mrefu, mwembamba, wa kuchechemea, aliyevaa kofia ya turubai hata akiwa ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa dereva wake. Msimu wa maembe nilijaza kreti kwenye pikapu nikazipeleka mji mdogo wa Salama, ambako wanunuzi wa barabara kuu walikuwa wakingoja na kelele zao. Kuendesha nilifundishwa na marehemu baba, tukibeba mitungi ya maji kutoka mtoni, na nilikuwa najiona dereva kamili. Kiswahili chake mzee huyo alikiokota kwa vibarua na kwa wafanyabiashara wa Salama, kwa hivyo kilikuwa kinaruka sarufi zote, lakini ulimwelewa. Mimi nilimwita Mzee tu.

Siku moja alipanda nami ili akaonane na mnunuzi fulani aliyekuwa akitusumbua. Kwenye mteremko wa kabla ya Matiliku kuna kona moja ya barabara ya vumbi inayojifunga ghafla ukidhani imeisha. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeamka na hasira zangu, nikaiingia mbio. Pikapu ikatupa nyuma, kreti zikalia, nikairudisha njiani kwa bahati na kwa nguvu za mikono. Nikajua hapo kazi imekwisha. Tulipofika chini, Mzee akaniambia nisimamishe gari.

"Wewe napiga breki ndani ya kona," akasema. "Hiyo makosa. Breki iko nje ya kona. Ndani ya kona iko macho tu."

Akaniamuru nigeuze, nipande mlima, nishuke tena. Nilishuka. Akasema bado, nipande tena. Maembe yalifika Salama yamechelewa na mengine yamepondeka, na mnunuzi akatupigia makelele tuliyostahili. Mzee hata hakumsikia. Alikuwa ameketi kwenye gari akitabasamu peke yake, na mimi nilikuwa nimeanza kushuku kwamba huyu si mkulima wa kawaida.

Historia yake sikupewa siku moja. Ilitoka vipande vipande, tukiwa njiani, na mara nyingi akiwa ameudhika na kitu kingine kabisa. Baba yake alikuwa mwashi katika mji wa viwanda kaskazini mwa Italia, na alitaka kijana awe mwashi pia. Kijana akaanza na vile vigari vidogo ambavyo dereva anakaa karibu kusugua ardhi, akashinda, akapanda daraja, akashinda tena, mpaka timu moja kubwa ikamchukua awe dereva wa pili. Alinieleza kwamba dereva wa pili kazi yake ni kukaa nyuma ya dereva wa kwanza. Nilimuuliza kama kweli hiyo ni kazi ambayo mtu mzima anaamkia asubuhi. Alicheka mpaka akakohoa.

Dereva wa kwanza wa timu hiyo alikuwa mtoto wa tajiri aliyekuwa akigharamia magari yenyewe. Sasa ikatokea siku moja, katika mashindano, Mzee akawa mbele. Sisemi mbele ya mwenzake tu, mbele ya wote. Kila alipopita mahali timu yao iliposimama, walimwinulia ubao wenye amri: mpishe mwenzako. Akapita. Mzunguko uliofuata ubao ni uleule, sasa umeinuliwa juu zaidi na mtu anaupunga. Akapita tena. Alishinda mashindano hayo, na hakuna mtu wa timu yake aliyekuja kumshika mkono. Jioni waliambiana maneno. Alitakiwa aende nyumbani kwa tajiri akaombe msamaha, aseme hakuuona ubao. Alikataa, kwa sababu aliuona vizuri sana.

Baada ya hapo hakupata kiti tena. Timu nyingine zilikuwa zimeshasikia kwamba huyu ni kichwa kigumu, na nani anataka kulisha kichwa kigumu. Aliendesha magari ya kuazima, yale ambayo wengine wameyakataa, kwenye mashindano ambayo hata magazeti ya kwao hayakuyaandika, mpaka siku ya mvua akagonga ukuta na mguu wa kulia ukavunjika vibaya. Kenya alikuja kumjaribia mtu gari la mashindano ya vumbi. Gari likarudi Ulaya, yeye akabaki na mguu wake, akanunua shamba. Aliyasimulia haya yote bila kujionea huruma hata kidogo, na mimi nilimpenda sana kwa hilo.

Nyuma ya ghala lake, chini ya magunia, kulikuwa na gari dogo la zamani ambalo mimi nilidhani ni chuma cha kuuza kwa kilo. Kumbe alikuwa akilifungua na kulifunga miaka yote hiyo. Siku alipolitoa nje aliniambia mguu wake sasa ni wa kutembea shambani, na wangu ni wa gari. Yeye angekaa kando yangu, anisomee njia, yaani aniambie kila kona kabla hatujaifikia. Alipanga kreti tupu kwenye barabara ya shamba ziwe kona, na kila jioni baada ya kazi nilizunguka hapo nikizigonga, naye anachechemea kuzipanga upya akinitukana kwa lugha ya kwao. Mimi si mtu wa kutukanwa, lakini hapo nilivumilia, kwa sababu kila juma kreti zilizoanguka zilikuwa zinapungua na nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kwa kitu kingine.

Mashindano ya vumbi aliyotuandikisha yalikuwa ya siku mbili. Jumamosi tulikimbia upande wa Kitui, kwenye mchanga na mito mikavu. Katika mto mmoja kina mama walikuwa wamesimama kando ya visima vyao vya mchangani na punda wao, wakitazama magari yakikwama. Sisi tulipita bila kukwama, na walipoona kwamba mimi niliye kwenye steringi ni mwanamke walipiga vigelegele ambavyo nilivisikia ndani ya helmeti. Jumapili tukaja upande wetu wa Makueni. Mzee alisoma njia vizuri, ila kila kona alikanyaga sakafu kwa ule mguu wake mbovu akitafuta breki ambayo haikuwepo upande wake, na jioni alishindwa kushuka garini bila kusaidiwa. Katika kundi la magari madogo tulikuwa wa kwanza.

Jukwaani tulipewa chupa, moja kwa kila mshindi, yenye shingo ya karatasi ya dhahabu. Mzee alikuwa amenieleza hiyo desturi: washindi wanatikisa mvinyo wenye povu na kumwagiana. Wenzangu walimwagiana, wakanilowesha ovaroli yote. Mimi yangu sikuifungua. Sinywi, sijawahi kunywa, na kumwaga kitu cha zawadi chini mbele za watu sikuweza. Halafu kwetu mtu hatoki safari akaingia kwa mama yake mikono mitupu. Kwa hivyo chupa ikaenda nyumbani, nikamwekea mama mezani, nikamwambia ni ya washindi, na nikalala na ovaroli yangu kabla sijamaliza kueleza.

Mama yangu alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa kanisa letu. Hilo kwake halikuwa jina tu. Alikuwa ameongoza wenzake kujenga jiko la kanisa na kuweka tangi la maji, wakibeba mawe vichwani, na katika mstari wa mbele upande wa kina mama kulikuwa na mahali pake ambapo hata mgeni hakukaa. Mimi nilikuwa mwimbaji wa kwaya. Mzee mkuu wa kanisa alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama, ambaye mama alimbeba mgongoni akiwa mtoto. Tulikuwa watu wa ndani kabisa.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya mavuno. Siku hiyo kila mtu huleta alichonacho, kuku, mayai, kunde, boga, na ibada ikiisha vitu hivyo vinapigwa mnada ili kanisa lipate mabati au simiti. Mnadi wetu alikuwa huyo huyo mjomba, na lazima niseme alikuwa na kipaji. Angeweza kukuuzia kuku wako mwenyewe na ukashukuru. Nilikuwa nimesimama na kwaya nilipomwona akichukua kutoka mezani kitu kilichofungwa kwenye leso ya mama, akakifungua, na shingo ya dhahabu ikang'aa. Mama alikuwa ameketi pale mbele, ameinua shingo, amejaa fahari. Alikuwa ameleta kwa Bwana ushindi wa mtoto wake.

Nilijaribu kupita, lakini mbele yangu kulikuwa na waimbaji wote wa sauti ya pili, wanawake wenye afya zao. Mjomba akatangaza kwamba hii ni juisi ya zabibu safi kutoka ng'ambo, zawadi ya mama mwenyekiti. Bei ikapanda. Kwa kuwa ilikuwa imepanda vizuri, akataka ipande zaidi, akaishika chupa kwa mikono miwili na kuitikisa ili watu waone ilivyojaa. Ilikuwa imekaa kwenye jua la dirishani tangu asubuhi. Kifuniko kiliruka kikapiga mabati juu kwa mlio uliofanya watoto wajitupe chini ya viti, na povu likatoka likamwosha mjomba kuanzia miwani mpaka tai, likamfikia pasta, likafika kwenye kitambaa cheupe cha mimbari. Mama mmoja mzee, aliyekaa karibu, akalamba kidole chake na kusema kwa utaratibu kwamba ni tamu lakini imeanza kuchacha. Hapo ndipo mjomba aliponusa mkono wa koti lake.

Sitasema uongo, nilicheka. Nusu ya kwaya ilicheka. Nadhani kicheko ndicho kilichonimaliza, kwa sababu pombe ingesamehewa, lakini mwanamume aliyechekwa na kanisa zima akiwa amelowa si rahisi kumtuliza.

Wazee wa kanisa walikaa juma hilo wakaniita. Nilidhani wataniuliza habari ya chupa. Chupa waliimaliza haraka: ilikuwa makosa, mama hakujua, mimi nilijua na sikueleza, niombe radhi. Sawa, hapo nilikubali. Lakini mjomba alikuwa ameanza kuuliza chupa ilitoka wapi. Ilitoka mashindanoni. Siku gani? Jumapili. Nilikuwa na nani garini? Na mzungu. Nilikuwa nimevaa nini? Ovaroli, ya suruali. Kila jibu likawa dhambi mpya, na mwisho wa kikao chupa ilikuwa imesahaulika na aliyeshtakiwa ni gari. Nikawauliza kuhusu wanaume wa kanisa hilohilo wanaopeleka mchanga kwa malori Jumapili asubuhi, ambao hakuna aliyewahi kuitwa. Mjomba akasema ile ni kazi, huu ni mchezo. Nikasema basi kosa langu ni kwamba nilifurahi. Pasta, kijana mpole ambaye hakuzaliwa kwetu, alikuwa akitazama viatu vyake.

Uamuzi ukawa hivi. Nikae benchi la nyuma, nisiimbe kwaya, nisiguse Meza ya Bwana, mpaka Jumapili ya kurudishwa, ambapo nitasimama mbele, nitubu, na niahidi kwamba magari ya mashindano basi. Nikikataa, mama hawezi kuendelea kuongoza kina mama, maana mtu ataongozaje nyumba za wengine na yake imemshinda. Mjomba alisema hayo bila kunitazama. Walikuwa wamejua pa kunishika.

Wanaokaa benchi la nyuma kwa kawaida ni wasichana waliopata mimba na wanaume waliooa wake wa pili. Nilikaa nao. Niliimba hapo hapo nilipokuwa, kwa sauti ya kwaya, na nilipotazamwa nikaongeza. Nyumbani ndiko kulikuwa kugumu. Mama hakunigombeza. Aliniwekea chakula, akaniuliza kama maembe yameuzwa, basi. Jioni moja akaniomba, akichambua kunde bila kuinua macho, kwamba niyameze tu hayo maneno, niseme wanachotaka, yaishe. Alisema amechoka kupita sokoni akiona watu wananyamaza. Niliingia chumbani nikalia kwa hasira, kwa sababu mama yangu hajawahi kuniomba kitu, na kitu cha kwanza alichoniomba ni hicho.

Nilikwenda kwa Mtaliano nikitafuta mtu wa kuniunga mkono. Huyu angenielewa, si ndiye aliyekataa kuomba msamaha mbele ya tajiri na timu yake yote? Nilimkuta barazani ameweka mguu kwenye kreti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia niombe msamaha.

Nilidhani sikumsikia vizuri. Akarudia. Alisema yeye hakuomba, na kwa sababu hiyo hakuna aliyempa gari tena, na alikuwa kijana bado, na alikuwa na mbio. Nikubali maneno, akasema, maneno ni ya bure, halafu baada ya miezi kadhaa niendeshe mbali, huko ambako hawatanijua. Nilimwona mzee kweli siku hiyo, amekaa na kofia yake, ananipa ushauri wa mtu aliyechoka. Nikakasirika mno.

"Mzee," nikamwambia, "siku ile ingerudi, na ubao uwe pale pale, ungempisha?"

Alijikuna goti.

"Hapana," akasema.

"Basi usinifundishe kona moja wewe ukipita nyingine."

Niliondoka bila kuaga, jambo ambalo kwetu ni adabu mbaya, na kesho yake nilirudi kazini na hatukulizungumza tena. Lakini nilipofika alikuwa chini ya lile gari dogo, anabadilisha breki.

Jumapili ya kurudishwa ilifika. Mama alivaa sare yake ya kina mama, akakaa mahali pake mbele. Asubuhi hakuniuliza nimeamua nini, nami sikumwambia. Nilikuwa naogopa, na asikudanganye mtu kwamba mwenye kichwa kigumu haogopi. Mjomba aliita wanaorudishwa, na mwanamume mmoja wa benchi letu akaenda, akatubu, watu wakasema amina. Kisha akaita jina langu.

Nilitembea mpaka mbele nikageukia watu. Nikasema kwamba kwa ile chupa naomba msamaha kwa kanisa na kwa mjomba wangu, kwa sababu nilijua ni nini na nililala badala ya kueleza, na mama yangu hana kosa. Watu wakasema amina. Mjomba akanipungia mkono, niendelee.

"Kwa gari sina la kutubu," nikasema, sasa nikiwa nimemgeukia yeye. "Niliendesha vizuri. Mungu alinilinda kila kona na nilimshukuru nikiwa ndani ya helmeti. Siahidi kuacha."

Hakukuwa na amina. Mjomba akaniambia nirudi nilikotoka. Akafungua karatasi yake na kusema kwamba, kwa masikitiko, kuanzia leo kina mama watapata mwenyekiti mwingine, na akainua macho kumtafuta dada yake pale mbele ili aseme naye kwa heshima.

Mahali pake palikuwa wazi.

Niligeuka kurudi nyuma na ndipo nilipomwona. Alikuwa ameshapita upande wa ukuta nikiwa bado nazungumza, na sare yake na Biblia yake, na sasa alikuwa ameketi katikati ya benchi letu, kati ya msichana mwenye mimba na nafasi yangu. Kanisa zima liligeuza shingo. Mjomba akaita kutoka mbele, taratibu, kwa sauti ya mdogo mtu:

"Dada, hapo si mahali pako."

"Nimeshakaa," mama akasema.

Nilifika nikasimama kando yake, machozi yamenijaa. Hakuinua uso. Alijisogeza kidogo, akapiga benchi kwa kiganja nikae, akafungua Biblia yake kama mtu anayesubiri ibada iendelee. Kisha, bila kushusha sauti, akaniuliza hayo mashindano mengine ni lini.

Nikamjibu kwa sauti ya kwaya, ifike mpaka mimbari.

"Jumapili."